Jigso ya waya inaruka nikikata nakshi, nisaidieni wakuu

Randa Kali:
Wakuu, habari za jioni. Niko Makorora, Tanga, kazi yangu useremala. Nimepata oda ya nakshi za juu ya milango, vipande 12 vya mninga, mwenyewe anavitaka kabla ya Ijumaa. Nina jigso ya waya (msumeno wa umeme wa kukatia mikunjo, wa kuchomeka ukutani, si wa betri), ya mtumba. Nikifika kwenye kona inaruka, ubao unachanika kwa juu, na juzi imenichuna kidole, kidogo tu. Nitumie bledi gani? Siku ya tatu leo sijalala vizuri.

Seremala wa Pongwe:
Pole sana kaka. Bledi ya jigso ya kawaida meno yanaangalia juu, inakata ikipanda. Ndiyo maana ubao unachanika upande wa juu. Geuza, uso mzuri ulale chini, mchoro uchore mgongoni. Kwenye kona weka bledi nyembamba yenye meno madogo, na kama mashine ina kile kitufe cha kuibembeza bledi mbele na nyuma, kirudishe sifuri. Kuruka ni kitako cha mashine hakijalala. Kandamiza kitako juu ya ubao, bledi ikiwa bado haijagusa, washa, iache ishike kasi ndipo usukume. Ukimaliza usiinyanyue mpaka bledi isimame kabisa. Ubao umeubana na nini?

Mama Wawili:
"Kidogo tu" maana yake nini? Mume wangu alisema hivyo hivyo siku ya randa ya umeme, nikaenda uani nikakuta taulo jeupe limelowa. Mpaka leo vifungo vya shati namfunga mimi.

Mwana Pangani:
Zamani nakshi ilikuwa patasi na nyundo, mtu anakaa na mlango mmoja miezi. Nyinyi mnataka vipande 12 kwa wiki. Tatizo lenu ni pesa, si bledi.

Randa Kali:
Asante Pongwe. Ubao nashikiwa na mpwa wangu. Kidole si hoja wakuu, nimeuliza bledi.

Seremala wa Pongwe:
Nimekuuliza ubao umebanwa na nini, umenijibu mtu. Ana miaka mingapi? Halafu jigso ukiachia swichi inazima. Sasa kidole kimefikaje kwenye bledi inayokwenda? Sema yote, kaka.

Randa Kali:
Haya. Swichi imechoka, inakatakata. Nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ikae imebonyea muda wote. Kuwasha na kuzima ni kwenye soketi ya ukutani, na mpwa ndiye mwenye kazi hiyo. Ana miaka 13. Juzi baada ya Isha umeme ulikatika. Nikaona nisipoteze muda, nibadilishe bledi kwa tochi ya simu. Soketi hakuna aliyekumbuka kuizima. Umeme ukarudi. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, nyuzi 4.
Lakini mafundi wengi wanafunga swichi hivyo, nimewaona. Swichi mpya nimeitafuta Ngamiani nzima sijaipata. Kijana anajifunza kazi, mimi nilianza nina 10. Na advansi nimeshaila.

Leta Picha:
Chai hii. Juu mpwa anashika ubao, hapa mpwa yuko ukutani. Ana mikono minne? Na mtu mwenye nyuzi 4 kidole cha kulia anaandika aya ndefu namna hii? Leta picha.

Mwana Pangani:
Hata mimi nilishtuka. Watu wanatunga siku hizi.

Mama Wawili:
Awe ametunga au hajatunga, mtoto wa miaka 13 ametajwa hapa na nyie mnahesabu mikono.

Randa Kali:
Naandika kwa gumba la kushoto, ndiyo maana nachelewa kujibu. Soketi iko pembeni ya benchi. Mkono wake wa kushoto uko juu ya ubao, wa kulia uko kwenye soketi. Nikisema "zima", anazima. Vipande 7 tumekata hivyo.

Seremala wa Pongwe:
Nimesoma mara mbili. Bledi inatokeza chini ya ubao, wewe huioni, na vidole vya mtoto vimezunguka ukingo huo huo.
Mpira utoe leo. Usiwashe tena mpaka swichi ipone. Ukija kugusa bledi, chomoa plagi, iweke mahali unapoiona. Soketi kuzimwa hakutoshi. Bledi ikitoka kukata ni ya moto, iache ipoe. Ubao ubane kwa klampu 2. Waya upite nyuma yako, juu ya bega. Ekstensheni ikunjue yote, ikibaki imeviringwa inashika moto. Miwani vaa, vumbi la mninga ulijua. Kijana asimame mbali, apewe msasa.
Vipande 5 vilivyobaki, nina msumeno wa mkono wa kukatia nakshi, bledi yake kama uzi. Panda daladala uufuate, na klampu nitakuazima.

Leta Picha:
Picha bado.

Randa Kali:
Mpwa alikuwa anasoma begani kwangu. Ameufungua mpira mwenyewe, amekuja nao mkononi, anauliza autupe wapi. Pongwe, kesho nikukute saa ngapi?