Staji ya biolojia ya wanyama msituni wakati wa likizo kubwa: nidai nini, nijiandae vipi?

Mwanafunzi_Kadutu ameuliza:

Habari zenu, wakubwa na wenzangu. Nasoma biolojia hapa Bukavu, mwaka wa tatu wa lisansi. Kwa likizo kubwa ya Julai na Agosti nimekubaliwa, kwa maneno tu na bado si kwa barua, kufanya staji (mafunzo ya kazi kwa vitendo) ya wiki sita pamoja na timu inayohesabu wanyama katika sehemu ya milimani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Nimekulia Kadutu, mtaa wa hapa mjini, na msitu pekee nilioujua utotoni ni mikaratusi iliyokuwa nyuma ya parokia yetu. Chuoni tumejifunza uainishaji na tumechora mafuvu, lakini hakuna aliyewahi kutupeleka porini kupima chochote.

Mwaka jana nilifanya staji ya mwezi mmoja katika ofisi moja ya mazingira mjini, nikaishia kupiga fotokopi na kuandika majina ya watu waliohudhuria semina. Nilipewa cheti chenye muhuri mzuri, ila mwalimu aliponiuliza nimejifunza mbinu gani, nilibaki kimya. Ndiyo sababu nauliza mapema: mwanafunzi wa staji hufanya nini hasa msituni tangu asubuhi hadi jioni? Nidai nini kabla ya kusaini? Na je, mnisamehe kwa swali hili, nitawaona gorila? Baba anaona ni afadhali nimsaidie mama dukani, nami sina jibu la kumpa.

Yaya_Mpimaji amejibu:

Mdogo wangu, naanzia mwisho, kwa kuwa swali hilo ndilo linalowapeleka wengi huko na ndilo linalowarudisha wamenuna. Anayeingia na watalii huongozwa hadi kwenye familia iliyozoeshwa watu. Timu ya kuhesabu hupita mahali ambapo gorila hawajazoea watu, kwa hiyo siku nyingi utaona walichoacha tu, na hasa mahali walipolala.

Kila jioni gorila hutengeneza kiota kipya, kila mmoja chake, isipokuwa mtoto mdogo ambaye hulala na mama yake. Mkikuta viota vya usiku mmoja, mnavihesabu kimoja kimoja na kupima kinyesi kilichomo. Kinyesi chenye upana unaozidi sentimita 7 hivi, pamoja na nywele zenye rangi ya fedha, huashiria dume mzima. Kinyesi kidogo kando ya kikubwa ndani ya kiota kimoja huashiria mama na mtoto. Mara yangu ya kwanza nilisita na kipimo mkononi, nikijifanya natafuta ukurasa wa daftari. Mzee aliyekuwa akitufuatishia nyayo, ambaye shule ya msingi hakuimaliza, alikichukua, akapima bila neno, kisha akaniinulia matawi mawili kunionyesha kwamba nilichokihesabu kuwa viota viwili kilikuwa kimoja kilichoporomoka upande mmoja. Nilifuta mstari mmoja daftarini. Nilikuwa nimemzalisha gorila asiyekuwepo.

Umwambie baba hivi: makadirio ya gorila wa Grauer, yaani aina hiyo ya Kahuzi-Biega, ambao duniani kote wanaishi mashariki mwa Kongo peke yake, yalikuwa kama 16,900 katikati ya miaka ya 1990, yakatangazwa kuwa 3,800 mwaka 2016, kisha mwaka 2021 yakatolewa mapya ya 6,800. Mjini watu walifurahi kwamba gorila wamezaana, jambo ambalo haliwezekani, kwa maana jike huzaa mtoto mmoja na kukaa miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kilichobadilika zaidi ni ukubwa wa eneo lililopitiwa na namna ya kukokotoa. Nambari hizo zote zilianzia kwenye daftari lililoloa la mtu kama wewe.

Kuhusu siku yenyewe: mnaondoka alfajiri, mnafuata mstari ulionyooka kwa dira na GPS, na mstari huo haujui kukwepa bonde wala majani yanayowasha. Mkiona kiota au alama nyingine, mnapima umbali wake kutoka kwenye mstari, kwa sababu vilivyo mbali huonekana kwa shida zaidi na hesabu lazima irekebishwe kwa kadiri hiyo. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia kwenye unyevu. Chukua sweta pia, hata kama ni kiangazi. Kituo cha Tshivanga, makao ya hifadhi, kiko juu ya meta 2,000 na asubuhi vidole hukakamaa.

Daftari_la_Kijani amejibu:

Naunga mkono yote, ila hajagusa jambo ambalo mimi lilinigharimu mwaka mzima. Nilifanya staji ya msituni na shirika ambalo sitalitaja. Nilitembea, nikapima, nikajaza fomu, na jioni nilikabidhi kila karatasi kama nilivyoagizwa. Nilipoanza kuandika kazi yangu ya kumaliza masomo na kuomba takwimu za mistari niliyoitembea kwa miguu yangu mwenyewe, nilijibiwa kwamba ni mali ya mradi. Hawakukosea kisheria, kwa kuwa mkataba niliousaini ulikuwa na kurasa tatu za wajibu wangu na haukuwa na sentensi hata moja juu ya haki yangu.

Kwa hiyo, dada au kaka, usiende kwa maneno matupu. Omba mkataba unaosema nani ni msimamizi wako wa kila siku, ni sehemu gani ya takwimu unayoruhusiwa kutumia chuoni, nani anabeba nauli, chakula na matibabu ukiumia, na nani ana mamlaka ya kuwaondoa msituni usalama ukibadilika. Hilo la mwisho usilionee haya; hapa kwetu njia iliyo wazi Jumatatu inaweza kufungwa Alhamisi. Hakikisha pia kwamba kibali cha ICCN (taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo) kinataja jina lako, si la timu peke yake.

Tena, nenda na swali lako dogo lililokubaliwa na mwalimu kabla ya kuondoka. Usichague machipukizi ya mianzi, kama nilivyofanya mimi. Gorila huyafuata sana, lakini hutoka mvua zikisharudi, wakati wewe utakuwa umerudi darasani. Namna viota vinavyochakaa siku baada ya siku ni swali linalotosha wiki sita, na timu itakushukuru.

Mkaaji_wa_Lwiro amejibu:

Nitapingana kidogo na mnavyoidharau ofisi. Kupiga fotokopi si staji, hilo nakubali, lakini kuingiza takwimu za wengine kwenye kompyuta kwa wiki moja kulinifundisha makosa ya fomu kuliko mwezi wa kutembea. Anayesoma maandishi ya mwenzake, akashindwa kujua kama ni 1 au 7, huandika vizuri maisha yake yote.

Na staji ikikwama, kuna Lwiro. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa huko mwaka 1947 kina maktaba na mikusanyo ya mimea na wanyama, na jirani yake kuna kituo kinachotunza sokwe mtu zaidi ya 100 waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara. Ukirekodi tabia ya mnyama mmoja kila baada ya dakika tano, kwa saa nzima, bila kuangalia simu, utajua haraka kama kazi hii inakufaa.

Neno moja la afya: ukiwa na mafua, baki kambini hata kama ni siku uliyoingojea. Mafua yetu huwaua gorila na sokwe, na barakoa haitoshi kwa mtu anayekohoa.

Mwanafunzi_Kadutu amejibu:

Asanteni sana, wakubwa. (Ni dada.) Nimemwandikia msimamizi nikiomba mkataba na nimeongeza kipengele cha takwimu, amejibu kwamba hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, ila atauliza. Mwalimu wangu ameridhia swali la viota. Baba alisikiliza habari ya gorila asiyekuwepo, akacheka, kisha akauliza nani atalipa buti. Swali langu lililobaki ni hilo hilo: za mpira zinazouzwa soko la Kadutu zitahimili wiki sita?

Yaya_Mpimaji amejibu:

Zitahimili, mradi uchukue namba moja zaidi ya mguu wako na uvae soksi mbili. Suruali uiingize ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu.