Naomba ushauri: njia ifaayo kwa msafara wa bure wa baiskeli hapa Dodoma

KipupweDom (mleta uzi):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu tumeandaa msafara wa baiskeli wa bure, Jumapili hii asubuhi, ambapo kiongozi atawazungusha washiriki na kuwaeleza habari za jiji. Watu wengi waliohamia huku kikazi wanaijua njia ya nyumbani na ya ofisini tu, na mji ulioteuliwa kuwa makao makuu tangu mwaka 1973 una mengi ya kuonyesha. Waliojiandikisha wamezidi matarajio yangu, na wengi wao hawajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, jambo linaloninyima usingizi. Tutaanzia Nyerere Square, tupite stesheni ya zamani ya reli, Msikiti wa Gaddafi na Bungeni, kisha tufuate barabara ya Dar es Salaam hadi Mtumba. Je, njia hii inafaa, na tuondoke saa ngapi?

FundiSpoku:
Habari ya njia nawaachia wengine. Mimi naomba usikilize habari ya mbigili. Mwiba huo ukiingia kwenye tairi mara nyingi huziba tundu lake wenyewe, na upepo hutoka pale unapoung'oa. Kwa hiyo mshiriki akiuona asiung'oe njiani, bali asubiri mahali penye kivuli na fundi. Tyubu ikishatolewa, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana mbigili haiji mmoja, na ukibandika kiraka huku mwenzake amebaki humo umefanya kazi bure. Beba msasa, gundi, viraka, pampu na tyubu za akiba, na usikubali baiskeli yoyote iondoke kabla hujabana breki zake zote mbili kwa mkono wako.

MzeeWaKondoa:
Kijana, ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Enzi zetu tulipakia magunia ya karanga kwenye baiskeli tukateremka nayo mnadani, na aliyechelewa kuondoka alipambana na jua na upepo kwa pamoja. Upepo wa kiangazi hapa hutoka mashariki na huzidi jua linapopanda, kwa hiyo mtakaoelekea Mtumba mtaupokea kifuani. Vijana wa leo mna gia nyingi lakini hamna subira, nami nafurahi kuona kuna anayewarudisha watu kwenye baiskeli.

RamaniYaMji:
Mleta uzi, nakupongeza kwa dhati, kwa sababu mpango wa mji huu mkuu uliotengenezwa mwaka 1976 na wataalamu kutoka Toronto uliwapa kipaumbele waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, na sehemu kubwa ya fikra hiyo haijatimizwa. Hata hivyo sielewi kwa nini mng'ang'anie Mtumba. Ni zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ileile inayopitisha malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Kigali na Bogotá hufunga barabara zao kwa magari ndipo huwaachia watu siku ya Jumapili. Wewe hutafungiwa barabara. Watu ambao hawajapanda baiskeli kwa miaka mingi huyumba lori linapowapita. Ndani ya mji kuna mitaa ya Area C, Area D na Mlimwa, yenye kivuli na magari machache. Kuna sababu gani ya Mtumba ambayo hujaitaja?

KipupweDom:
Mtumba ni Mji wa Serikali, na kila mgeni anapenda kuuona. Zaidi ya hapo, kuna mdau anayetusaidia, naye ameomba tumalizie upande huo.

DadaWaMakole:
Mdau gani, na anasaidia kwa nini?

KipupweDom:
Ni kampuni inayouza viwanja. Wamelipia ukodishaji wa baiskeli, maji na fulana, nasi tukifika tutapelekwa kwa Coaster zao kutazama viwanja kwa muda mfupi, kisha Coaster hizohizo zitaturudisha mjini. Hakuna atakayelazimishwa kununua. Naomba mnielewe: bila wao msafara huu usingekuwepo, kwa sababu wengi waliojiandikisha hawana baiskeli. Fulana zimeshachapishwa. Swali langu lilikuwa la njia tu.

MwalimuMstaafu:
Kitu cha bure ambacho mwisho wake ni dalali hakiitwi bure. Umewaalika watu kwa jina la jiji lao, kumbe unawapeleka sokoni bila wao kujua, na hata watoto wao mtawapandisha magari ya muuzaji. Kijana, uaminifu hauazimwi.

Nzuguni_B:
Wakuu, hamjashtuka? Akaunti hii ni mpya, na uzi umetaja Mtumba, viwanja, fulana na Coaster. Naona hakuna msafara wowote hapa. Hili ni tangazo la viwanja lililovishwa baiskeli, na kesho atatuletea namba ya simu.

FundiSpoku:
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Mtu anayeandaa msafara wa kweli angekuwa ameshatuambia nani anakaa mbele, nani nyuma, nani anasimama kwenye njia panda wengine wapite. Mleta uzi, tueleze hilo.

KipupweDom:
Kampuni sijaitaja jina na sitaitaja, wala sina namba ya kuwapa. Mbele nitakaa mimi, kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Nyuma nina rafiki yangu mwenye pampu na viraka. Kwenye njia panda bado sina watu wa kutosha. Polisi tumewapelekea taarifa ya maandishi mapema, kabla ya zile saa 48 zinazotakiwa kisheria kwa mikusanyiko. Kuhusu viwanja, nilipanga kuwatangazia washiriki asubuhi kabla hatujaondoka.

RamaniYaMji:
Nimekuamini. Lakini kumtangazia mtu pale Nyerere Square, akiwa ameshatoka Nkuhungu na daladala na ameshavaa fulana, si kumpa nafasi ya kuchagua. Waandikie leo. Na hilo la kurudi kwa Coaster ndilo zito zaidi, kwa sababu mtu akichoka kutazama viwanja hana namna ya kuondoka mpaka wenye magari waamue.

DadaWaMakole:
Mimi ni mmoja wa waliojiandikisha, pamoja na mwanangu wa miaka kumi na miwili. Tangazo tulilolisoma lilisema msafara ni wa bure wa kulijua jiji, na halikutaja viwanja wala Coaster. Sigombi, kaka yangu, ila nakuuliza jambo moja: nikikataa kupanda gari hilo, nitarudi vipi Makole na mtoto na baiskeli ya kukodi, upande wa malori?

KipupweDom:
Dada, hilo sina jibu lake. Nimezungumza na mdau sasa hivi. Msafara utazunguka ndani ya mji na kuishia Nyerere Square tulipoanzia. Anayependa kwenda kutazama viwanja ataondokea hapo kwa hiari yake. Wamekubali kwa shingo upande na wamepunguza mchango wa maji, kwa hiyo kila mtu aje na chupa yake. Fulana zitabaki na nembo yao, hilo sitaligeuza. Tangazo jipya natuma jioni hii.

MwalimuMstaafu:
Fulana nazo ungezirudisha.

FundiSpoku:
Mwalimu, fulana haigongwi na lori. Mleta uzi, nitasimama njia panda ya kwanza baada ya Nyerere Square na nitakuja na mwenzangu mmoja.

DadaWaMakole:
Kwa utaratibu huo tutakuja. Naomba baiskeli ya mwanangu ishushwe kiti kabla hatujafika, maana miguu yake haijagusa chini kwenye baiskeli za wakubwa.