Mama anameza amiodaroni lakini moyo bado unapiga ovyo. Dawa imekataa?

Mwana wa Muheza
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 63, ana presha. Tangu kabla ya Ramadhani mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikaonyesha fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo, na kwa kuwa ilipita siku 7 bila kuacha yenyewe, daktari akasema ni ile inayong'ang'ania. Eko (picha ya moyo) inasema vali ni nzima, ila chumba cha juu cha kushoto kimetanuka kidogo.

Walianza na warfarini ya kuzuia damu kuganda na bisoprololi ya kupunguza kasi ya moyo. INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) ilipotulia ndipo wakaongeza amiodaroni ya kurudisha mpangilio wa mapigo: miligramu 200 mara tatu kwa siku wiki ya kwanza, mara mbili wiki ya pili, na sasa ameingia kwenye kidonge kimoja. Nikimshika kifundo cha mkono usiku, mapigo mawili yanakuja mbiombio, moja linapotea, halafu linakuja zito. Ile ile. Shangazi anasema dawa imekataa, tuache. Na jana akipiga mswaki fizi zimetoka damu, ikachelewa kukatika. Naomba msaada, nimechanganyikiwa.

Mfamasia wa zamu
Mdogo wangu, fizi kwanza, mapigo baadaye. Amiodaroni inalizuia ini kuivunja warfarini, kwa hiyo dozi ile ile aliyoizoea sasa inafanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi warfarini hupunguzwa kwa theluthi moja hadi nusu. Kesho asubuhi mpeleke akapime INR, na waambie wazi kwamba ameanzishiwa amiodaroni. Usipunguze wewe. Akipata choo cheusi, mkojo mwekundu au kichwa kuuma ghafla, msisubiri asubuhi.

Je, anameza kitu kwa ajili ya magoti? Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, asiguse kabisa, zinaongeza hatari ya kutoka damu akiwa kwenye warfarini. Nawaona wengi sana wanakuja kuzinunua huku wana kadi ya warfarini mkononi.

Dokta Mwambao
Pole kwa kuuguza. Dawa haijakataa. Amiodaroni hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mpaka akiba hiyo ijae ndipo moyo unaipata sawasawa, ndiyo maana wakaanza na dozi kubwa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005, kwa watu wenye tatizo hili hili: baada ya siku 28, kama 27 kati ya 100 waliomeza amiodaroni walirudi kwenye mapigo ya kawaida, wa sotaloli, dawa nyingine ya mapigo, 24, waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa hata mmoja kwa mia hakufika. Waliobaki walishtuliwa moyo kwa umeme. Kwa hiyo mama kutorudi mpaka sasa ni jambo la kawaida, na hatua inayofuata huenda ikawa umeme huo, amiodaroni ikisaidia mapigo yasiharibike tena.

Sasa hili mshike sana: warfarini haiachwi siku mapigo yanaporudi. Damu iliyotuama kwenye atria inaweza kuganda, na moyo ukianza kusukuma vizuri bonge linatoka na kupanda kwenye ubongo. Ndiyo maana tunataka INR nzuri wiki 3 kabla ya umeme na angalau wiki 4 baada yake. Kwa mama mwenye presha, uwezekano mkubwa ataendelea hata baada ya hapo.

Uliza pia kama walipima tezi ya shingo na ini kabla ya kuanza. Hurudiwa kila miezi 6. Kikohozi kikavu kipya au pumzi kukata, aseme mapema, maana dawa hii inaweza kudhuru mapafu.

Bi Likoni
Mwanangu, mimi nimeipitia. Vidonge peke yake havikutosha, nikashtuliwa, nikalala kidogo nikaamka mapigo yako sawa. Kilichonitesa ni jua. Uso ulichomeka kwa kwenda sokoni tu. Mama ajifunike vyema, na mikono pia.

Mwana wa Muheza
Nawashukuru kwa dhati. INR imekutwa 4.6, iko juu mno. Wameruka dozi ya leo ya warfarini, kesho anaanza na ndogo, na atapimwa tena wiki ijayo. Amiodaroni inaendelea. Magoti ni kweli, kulikuwa na diklofenaki kwenye mkoba wake, nimeichukua. Tezi haikupimwa, damu imetolewa leo. Shangazi nimemsomea maneno ya dokta, amekubali tusubiri ECG ya mwisho wa mwezi.