Binti yangu wa miaka 14 anatakiwa na timu ya wanawake wakubwa. Nimruhusu au nimsubirishe?

Baba Nasra

Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro, naomba mawazo yenu. Wiki ya pili sasa silali vizuri kwa jambo hili.

Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, anacheza winga ya kushoto. Tangu darasa la nne anacheza na wavulana wa mtaani. Mwaka huu alichaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na huko akaonwa na kocha wa timu moja ya wanawake. Sasa kocha anataka kumsajili moja kwa moja acheze na wakubwa. Wenzake wana miaka 22, 25, wengine ni mama wa watoto. Timu ya wasichana wa chini ya miaka 17 huku kwetu haipo. Ukitoka shule, unaangukia kwa wakubwa.

Jumamosi nilimpeleka mechi ya kirafiki. Aliingia kipindi cha pili, nikakaa mstarini nahesabu: kipindi kizima aligusa mpira mara sita. Mara ya nne beki mmoja alimpiga bega, akadondokea goti. Akainuka, akafunga upya kamba za njumu, akaendelea kukimbia. Kwenye daladala ndipo aliponiambia linauma. Mama yake alichukua barafu za kunyonya kwa jirani, akamfungia gotini na khanga mpaka zikayeyuka zote.

Kocha anasema kipaji kikikaa na watoto kinadumaa. Mama yake anasema Novemba kuna upimaji wa kidato cha pili, na akifeli atarudia darasa. Mimi nawasikiliza wote wawili na naona wote wana haki. Mliopitia haya mlifanyaje?

Winga Teleza

Hongera sana mkuu, una mtoto wa maana. Mruhusu. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17 (U17), mwaka 2022 kule India walimfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la U17. Umri wa U17 haumsubiri mtu. Akianza kukabwa na wakubwa leo, siku akikutana na wa rika lake atawaona wepesi.

Mama Wawili

Baba Nasra, pole kwa mawazo. Wangu alikuwa wa kiume, alipandishwa akiwa na miaka 13 kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa. Alikuwa anafunga kila wiki na sisi tunashangilia. Miaka miwili baadaye wenzake wakamfikia urefu, na yeye chenga hakujifunza kwa kuwa nguvu ilikuwa inamtosha. Sasa hataki hata kuuona mpira. Nakwambia haya kwa uchungu. Angalia anajifunza nini kila wiki, jina la timu lisikuvimbishe kichwa.

Fundi wa Viungo

Nafanya tiba ya viungo, niongezee hapo kwenye goti.

Kwanza, barafu mmefanya vizuri, lakini ikipita wiki goti bado linauma au limevimba, mpeleke akaangaliwe. Msiseme ni uchovu. Mtoto anayerefuka, mifupa yake bado ina sehemu laini zinazokua, na misuli ya paja huvuta pale chini ya goti. Ndiyo maana vijana wengi wanaocheza sana hulalamika kwenye kile kinundu cha juu ya ugoko.

Pili, mama yake ndiye anajua kama ameshavunja ungo au bado. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa katika kipindi kinachotangulia hapo. Kama bado yuko kwenye kasi hiyo, mwili wake leo si wa miezi sita iliyopita, na hata namna ya kutua akiruka hubadilika. Wasichana wa umri huu pia hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na hilo ni jeraha la kukaa nje miezi tisa au zaidi.

Muulize kocha: wanapasha misuli vipi? Kuna mazoezi ya FIFA yanayoitwa 11+, ni kama dakika 20, hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na yamethibitika kupunguza majeraha. Kama timu inazunguka uwanja mara mbili kisha inaanza kupiga mashuti, mimi nisingempeleka.

Na hesabu siku zake zote. Shule, mtaani na timu mpya vikijumlishwa, anapumzika lini?

Shabiki wa Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Ningependa kumjibu Winga Teleza kidogo. Junior Starlets wetu walienda Kombe la Dunia la U17 mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, wakamfunga Mexico 2-1, na wengi wao walikuwa wanafunzi wanaochezea shule zao. Mpira wa shule si kupoteza wakati. Mzee, mtoto akibaki huko mwaka mmoja zaidi hajaachwa na gari.

Winga Teleza

Sawa, hiyo nakubali. Ila shule zenu zina ligi ya kueleweka. Huku mashindano yakiisha Julai, binti anakaa mpaka mwaka ujao bila mechi. Hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Nambari Nane

Nimecheza timu ya wakubwa nikiwa na miaka 15, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Mpira wenyewe haukunisumbua. Kilichonisumbua ni safari. Tunatoka mechi usiku, tunalala watatu chumba kimoja, mazungumzo ya watu wazima, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuniangalia. Uliza majina: nani analala naye, nani anamrudisha nyumbani, je, kuna mwanamke kwenye benchi la ufundi? Kocha akikasirishwa na maswali hayo, umeshapata jibu lako.

Fomu usisaini haraka. Soma, piga picha, ubaki na nakala. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Na cheti cha kuzaliwa kisiguswe, mtu asikwambie "tumuongezee" wala "tumpunguzie".

Mimi ningeomba hivi: mazoezi na wakubwa siku mbili kwa wiki, mechi aendelee na rika lake na hao wavulana. Akianza kugusa mpira mara 20 huko mazoezini, mzungumze upya.

Halafu kaka, umeandika kocha anasema, mama anasema. Yeye mwenyewe amesemaje?

Baba Nasra

Dada Nambari Nane, umenishika pabaya. Sikuwa nimemuuliza. Jana tukiwa tunapeta mchele nikamuuliza.

Amesema mabeki hawaogopi. Kinachomuuma ni kwamba dada zake hawampi pasi, na mazoezi yakiisha yeye ndiye anatumwa kukusanya mipira na kuteka maji. Anataka kujifunza kwao, hasa kwa nambari sita wao, jinsi anavyogeuka na mtu mgongoni. Lakini mwakani anataka kurudi UMISSETA na wenzake, kwa sababu walitolewa kwa penalti na ya mwisho alikosa yeye.

Goti limetulia, hakuna uvimbe. Alhamisi naenda kwa kocha na maswali yenu nimeyaandika kwenye daftari lake la hesabu, kurasa za nyuma. Nitaomba siku mbili za mazoezi, bila fomu. Nitarudi hapa niwaambie amejibu nini.