Kijana wa mita 100 anakimbizwa kilometa nane kila alfajiri, ni sawa?

MamaNkuhungu:
Habari zenu wakuu. Nina kijana wa miaka 14, kidato cha pili hapa Dodoma. Anakimbia mita 100 na 200, na shule inamtegemea kwenye mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo anawaamsha saa kumi alfajiri, kilometa nane, kila siku isipokuwa Jumapili. Jioni ni kurukaruka kwenye ngazi. Mwaka huu amerefuka ghafla, suruali zote fupi, lakini mbio zimeshuka. Sasa analalamika maumivu chini ya goti. Mwalimu anasema uvivu, na baba yake yuko upande wa mwalimu. Nimpumzishe au nivumilie?

Mnyaturu_Asilia:
Dada, watoto wa siku hizi mayai. Huku Singida tulikwenda shule peku, na mwanariadha Simbu katoka huku huku, leo bingwa wa dunia.

KochaMstaafu:
Mnyaturu, Simbu anakimbia marathoni, kilometa 42. Na hata Tokyo 2025 alimshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03 kwenye mstari wa mwisho. Kasi ndiyo iliyompa dhahabu!

Dada, pole. Kilometa nane kila siku zinamzoesha kwenda mwendo wa wastani kwa muda mrefu. Mbio fupi ni habari nyingine: misuli inachoma akiba ya nishati inayodumu sekunde kumi hivi, halafu inahitaji dakika kadhaa kuijaza tena. Ndiyo maana makocha wengi tunahesabu dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10. Akikimbia mita 30 kwa nguvu zote, apumzike dakika tatu, ndipo arudie. Mara sita hadi nane zinatosha. Mzazi akipita uwanjani ataona watoto wamekaa tu, atadhani kocha hana kazi. Kasi ikianza kuporomoka, funga siku. Mara mbili kwa wiki, zisifuatane.

Fizio_Makulu:
Mimi nauliza goti. Kuna kinundu cha mfupa chini ya pia ya goti, kikibonyezwa kinauma? Kama ndiyo, huenda ni Osgood-Schlatter, maumivu ya goti ya watoto wanaokua. Mfupa unarefuka haraka, msuli wa paja unavuta mahali ambapo bado ni gegedu. Kuruka ndiko kunakochochea zaidi, kwa hiyo ngazi zisimame kwanza. Barafu baada ya mazoezi, anyooshe mapaja. Akichechemea, akiumwa usiku, au goti zima likivimba, mpeleke hospitali bila kusubiri. Kasi kushuka wakati wa kurefuka hutokea sana, miguu imekuwa mirefu na bado hajaizoea.

MamaNkuhungu:
Ndiyo, kinundu kipo! Na vyuma je? Baba yake anasema atadumaa.

Fizio_Makulu:
Hadumai. Ila goti litulie kwanza, kisha aanze na pushapu na kuchuchumaa kwa uzito wake mwenyewe, chini ya mtu anayejua. Halafu huo usingizi: umri wake anahitaji saa nane hadi kumi. Akiamshwa saa kumi alfajiri, atalala saa ngapi?

MamaNkuhungu:
Asanteni sana. Jumatatu nakwenda shuleni na baba yake.

KochaMstaafu:
Pitieni kwa daktari kwanza, mwende na karatasi. Mwalimu wa michezo habishani na karatasi yenye muhuri.