Naomba ushauri: nataka kurudi kwenye kitochi

Habari za humu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya, nanunua viazi mashambani nasafirisha Dar. Simu janja imenichosha. Juzi mwanangu wa miaka minne alinishika kidevu akanigeuza uso: "Baba, niangalie mimi." Chai ilishapoa, mimi nimezama kwenye video ya watu wanaogombana, hata siwajui.

Kitochi nimeshanunua, chaji inakaa siku nne. Miamala hainisumbui, *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi vilevile. Tatizo wateja wa Dar: wanataka picha ya mzigo WhatsApp ndipo watume hela. Mmoja nilimwambia anipigie tu, akahamia kwa mwingine. Na mama watoto anasema watu watadhani nimefulia (hilo kidogo linaniuma).

Aliyewahi kuachana nayo huku ana biashara, alifanyaje? Nimwachie kijana wa stoo simu janja awe anapiga picha yeye, au nitakuwa najidanganya, jioni nitaifuata hukohuko stoo? Msiniambie nifute mitandao tu. Nimefuta mara tatu, siku ya pili nairudisha.