Mashine ya tozo inajua namba ya gari langu. Deni la barabara lililobaki mbona mimi silijui?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo nimekatwa shilingi 70,000 kwenye mshahara. Sikuchelewa kazini, sikugonga gari la mtu, sikuiba mafuta. Nimekatwa kwa sababu risiti za tozo zimefutika.

Mimi ni dreva. Nabeba abiria wa uwanja wa ndege wa Entebbe, hapa Uganda, kwa kampuni ambayo siitaji maana ndiyo inayonilisha. Utaratibu wao ni kwamba tozo ya ekspresiwei, ile barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, unalipa kwa pesa yako, unachukua risiti, mwisho wa mwezi unarudishiwa. Gari dogo ni 5,000 kila ukipita. Abiria mwenye ndege ya jioni huwezi kumpitisha barabara ya zamani, akae kwenye foleni ya Zana na Kajjansi huku saa zinakwenda. Basi nalipa.

Sasa zile risiti ni karatasi laini inayochapwa kwa joto, haina wino. Iache kwenye dashibodi, jua liipige siku mbili tatu, maandishi yanakuwa kijivu, kisha kivuli, kisha hakuna kitu. Mimi nilikuwa nazibana na kibanio cha nguo juu ya kioo cha mbele, nikidhani nimezitunza. Leo nimezimwaga mezani kwa mhasibu. Akazipanga kama karata, akaiinua moja kwenye taa, akaigeuza, akanirudishia. "Mzee, hii ni karatasi tupu." Akaendelea. Kumi na nne zilikuwa karatasi tupu.

Nikamuuliza, dada, nilipita vipi bila kulipa? Geti lilijiinua lenyewe? Akasema ananielewa, ila mkaguzi hatamuelewa yeye. Na huyo dada simlaumu, naye ana bosi wake.

Kilichoniuma zaidi ya ile 70,000 ni hiki. Kila nilipopita, mashine iliandika. Saa, siku, aina ya gari, kiasi. Wao wana kumbukumbu isiyofutika na jua, mimi nina karatasi inayokufa kabla ya mwezi kuisha. Ushahidi wa pesa YANGU wanao wao. Nikaanza kujiuliza, hivi katika miaka yote hii ya kubadilisha namna ya kutoza watu madarajani na barabarani, ni nini kilichowahi kubadilishwa kwa faida ya anayelipa?

Babu yangu mzaa mama alikaa Kisauni, Mombasa. Alilijua daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea juu ya maji lililowekwa mwaka 1931, kabla ya hili la zege la 1980. Lilikuwa la kulipia. Alikuwa akitusimulia kwamba ukifika unampa mtu hela mkononi, anakupa kikaratasi, unavuka. Mtu na mtu. Hakuna aliyelipenda lile lipio, lakini mtoza alikuwa na uso, ungeweza kumuuliza. Hata hapa kwetu, mtu ukimpa noti ya 50,000 asubuhi na mapema atakuambia "ssebo, sina balansi", yaani bwana, sina chenji, mtabishana, mwisho mtaelewana. Kamera huwezi kubishana nayo.

Na huko duniani watu wanaondolewa vibandani kabisa. Daraja la Golden Gate kule San Francisco lilifunguliwa 1937, ukilipa senti 50 kwenda na senti 50 kurudi, unampa mtu. Mwaka 1968 wakaona foleni imezidi, wakaanza kutoza upande mmoja tu. Machi 2013 wakawatoa watoza wote, sasa ni stika ya kwenye kioo, au kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakufuata nyumbani. Wakuu, mimi sipingi mashine. Foleni inakula mafuta na inakula siku. Lakini lile daraja lilikuwa na deni lililojulikana, dhamana zilizouzwa kwa umma ili lijengwe, na mwaka 1971 zilikuwa zimelipwa zote kwa pesa ya tozo. Watu walijua. Tozo haikuisha, bado wanalipa hadi leo, lakini anayetaka kujua pesa inaendesha nini anasoma: matengenezo, mabasi, feri.

Sasa angalieni Dartford, kule Uingereza, mvuko wa mto Thames mashariki ya London. Sheria ya 1988 ilisema tozo ikome deni likiisha. Deni likaisha. Wakafanya nini? Mwaka 2003 wakabadilisha jina! Si tozo ya deni tena, sasa ni ada ya kupunguza msongamano. Pesa ileile, dirisha lilelile. Na mwishoni mwa 2014 wakavunja na vibanda: unapita bila kusimama, halafu una mpaka usiku wa manane wa kesho yake uwe umelipa kwa simu au intaneti, la sivyo ni faini. Yaani kazi ya mtoza kapewa dreva, na kosa la kusahau ni la dreva. Msomeni huyo vizuri, maana ndiko tunakoelekea.

Lakini hukohuko Uingereza kuna waliosema basi, na ikawa basi. Daraja la kisiwa cha Skye, Scotland, lilifunguliwa 1995 likiwa na tozo ya kampuni binafsi. Wenyeji walikataa kulipa, wakapelekwa mahakamani, wakarudi wakakataa tena. Desemba 2004 serikali ilikuwa imelinunua na tozo ikafa. Daraja la barabara la Forth tozo ilifutwa 2008. Severn, la kuingilia Wales, Desemba 2018. Na jirani zetu Tanzania: daraja la Kigamboni, mita 680, lilizinduliwa Aprili 2016 kwa pesa ya NSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, pamoja na serikali. Watu wa Kigamboni hawakunyamaza hata mwaka mmoja, na 2022 viwango vikashushwa. Havikufutwa, vimeshushwa, lakini angalau kuna mtu alisikia.

Tuje kwetu.

Daraja jipya la Jinja pale Nile, mita 525, lilizinduliwa Oktoba 2018. Limejengwa kwa mkopo wa Japani. Unapita bure, lori unapita bure, na mkopo unalipwa na hazina, yaani na sisi sote, hata bibi wa Karamoja asiyewahi kuliona. Ekspresiwei ya Entebbe ilizinduliwa mwaka huohuo, Juni 2018, kilomita 51 ukihesabu na tawi la Munyonyo, pamoja na daraja la Nambigirwa juu ya kinamasi, kama kilomita 1.4, refu kuliko yote nchini. Gharama dola milioni 476, kati ya hizo milioni 350 ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Tukapita bure miaka mitatu na nusu. Sheria ya Barabara ya 2019 ikafungua mlango wa tozo, na tarehe 8 Januari 2022 ikaanza: gari dogo 5,000, lori kubwa 18,000, pikipiki kubwa 3,000.

Mikopo miwili, mwaka mmoja, nchi moja. Mmoja ni wa wote, mwingine ni wa anayepita. Huenda kuna sababu nzuri. Barabara ya Entebbe ina njia mbadala ya zamani isiyolipiwa, na pale Nile ukilikwepa daraja utavukia wapi na kontena lako? Hilo nalielewa. Lakini iwe sababu iliyosemwa kwa mlipaji, pale anapolipia.

Nimefanya hesabu kwenye daftari la mwanangu. Dola milioni 350 kwa shilingi 3,600 kila dola ni kama trilioni 1.26. Gawanya kwa 5,000. Unapata safari milioni 252 za gari dogo. Hapo hujaweka riba, hujaweka mishahara ya watoza, umeme, ukarabati, wala malipo ya mwendeshaji. Tufanye kwa mfano tu yanapita magari 20,000 kila siku ya Mungu, itachukua miaka zaidi ya 34. Lori zinalipa zaidi, zitapunguza, riba itaongeza. Mimi sina nambari halisi, na hilo ndilo linalonitoa povu: mimi niliyelipa ndiye ninayekisia kwa penseli, na wenye mashine inayohesabu kila gari hawajaona umuhimu wa kuniwekea ubao mmoja pale getini. Deni lilikuwa hili. Tumekusanya hili mwaka huu. Limebaki hili. Mistari mitatu. Ubao wa bei waliuweka, tena mkubwa, unausoma toka mbali.

Kuna watakaosema kwamba tozo ni ya matengenezo, na barabara nzuri si ya bure. Sikatai! Mimi si wale wanaotaka kila kitu bure. Mei 2023 daraja la Katonga lilipokatika na mafuriko tulizunguka kwenda Masaka kupitia Mpigi na Sembabule, nikajua bei ya kukosa daraja ni kiasi gani. 2024 daraja la Karuma likafungwa kukarabatiwa, watu wa kaskazini wanajua walivyoteseka. Daraja linataka pesa. Lakini tayari nalipa kodi katika kila lita ya mafuta ninayonunua, na nikilipa mara ya pili getini nataka niambiwe hii ya pili inafanya lipi ambalo ya kwanza haifanyi. Wakenya walikuwa na vizuizi vya kutoza barabarani zamani zile baba yangu anaendesha lori kutoka Mombasa, wakaviondoa miaka ya tisini, wakaweka makato kwenye mafuta badala yake. Moja BADALA ya nyingine. Sisi tumeweka moja juu ya nyingine.

Na bado ekspresiwei ya Kampala–Jinja inakuja, nayo imepangwa iwe ya kulipia kwa ubia na kampuni binafsi. Kampuni binafsi ina mkataba wa miaka. Haya maswali ya deni na tarehe ya mwisho yaulizwe sasa, kabla wino haujakauka, maana likishasainiwa tutaambiwa mkataba ni siri na tupige foleni.

Ninachotaka ni kidogo sana. Risiti inayodumu, au ujumbe wa simu kila nikilipa, uwe wangu, nimwonyeshe bosi. Nikiomba orodha ya malipo yangu ya mwezi nipewe bila kubembeleza, hata kama nililipa taslimu, maana namba ya gari wanaiona. Na ule ubao wa deni getini. Na tozo iandikwe itaisha lini, au isemwe wazi kwamba haitaisha, tuache kudanganywa na neno "deni".

NYONGEZA, saa tano usiku: Kuna ndugu ameniandikia pembeni kwamba 5,000 ni pesa ndogo, na asiyeweza apite barabara ya zamani. Ndugu yangu, mimi sichagui barabara, abiria ndiye anayechagua. Na 5,000 mara kumi na nne kwa nyumba yangu ni posho na maharage ya wiki kadhaa, na madaftari ya watoto wawili. Mke wangu ameniuliza leo kwa nini zimepungua, nikamwonyesha zile karatasi. Amezishika, ameziangalia mbele na nyuma, akaziweka mezani hakusema kitu.

Ameniandikia mwingine kwamba nitumie kadi. Kadi ya kampuni ilikuwepo, wakaacha kuijaza, wakaona ni rahisi zaidi pesa itoke mfukoni kwangu kwanza. Na kadi yangu binafsi ukiniambia niijaze, ni pesa yangu inayolala mle ikisubiri safari ambayo huenda kesho sitapewa.

Saa tisa usiku natoka tena, kuna ndege ya alfajiri. Nitalipa 5,000, na risiti nitaipiga picha hapohapo dirishani kabla sijasogeza gari, wa nyuma wapige honi wanavyotaka. Madreva wenzangu mliokatwa kwa risiti zilizofutika, andikeni hapa chini ni ngapi na ni mwezi gani. Mimi naanza: kumi na nne, mwezi huu peke yake.